Sahani Isiyogawanyika

Watu wakiniambia "lakini kwenu chakula kilikuwepo", nakasirika hadi leo. Ndiyo, kilikuwepo! Baba alikuwa mfanyakazi wa mgodi, na kila mwezi alirudi na posho: unga, mafuta, na samaki wakavu wa Pweto ambao harufu yao ilifika kwa jirani kabla yake. Katika kambi yetu hapa Lubumbashi zilikuwepo nyumba ambazo majiko yake yalilala baridi. Letu halikulala baridi hata siku moja. Na bado mdogo wangu alikufa njaa ndani ya nyumba ile, mbele ya bukari, yaani ugali wetu, iliyokuwa bado inafuka mvuke.

Kwetu tulikula sahani moja. Haikuwa ufukara, ilikuwa sheria ya baba. Kijijini kwao, kule kaskazini, ndugu wawili walianza kula mbali-mbali, na kabla mvua hazijaisha walikuwa wanaitana wachawi. Kwa watu wetu, ukijitenga na sahani ya mwenzako umeshasema: naogopa mkono wako. Baba aliapa kwamba neno hilo halitasikika kwake. Kwa hiyo wanaume, wanawake na watoto tuliizunguka sahani moja chini, bakuli la mboga likiwa katikati.

Kisha uvuvi ukamshinda kaka yake baba, akahama Pweto na mke wake na watoto wao, wakaja kukaa kwetu. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili. Mama alimwambia baba kwa upole, "Baba batoto, sahani haitoshi. Nipakue mbili?"

Baba aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Mbili? Na kaka yangu atasema nini? Atasema miye namuogopa?"

Kesho yake alikwenda soko la Kampemba, akarudi na beseni la kufulia nguo. Alilibeba kichwani mwenyewe, mwanamume mzima, watu wakimcheka njia nzima, naye akicheka pamoja nao. Akalitua mbele ya mama. "Bantu banaongezeka, na sahani inaongezeka. Njo vile!" Tulimpigia makofi, nami nilipiga.

Beseni lilibeba bukari ya kutosha kijiji. Lakini mdomo wake haukuongezeka kama tumbo lake lilivyoongezeka. Magoti yaliyoweza kukaa pembeni yalikuwa yale yale, na machache zaidi. Wakubwa wakakaa, wadogo wakasimama nyuma ya migongo yao. Na bakuli la samaki sasa lilikuwa mbali, katikati kabisa, mkono wa mtoto haulifikii. Mdogo wangu, binti aliyeachishwa ziwa juzi-juzi tu, alipitishiwa tonge juu ya bega la mtu. Tonge tupu, halijagusa mchuzi. Alilila, akashiba, akalala. Nani angejua?

Baada ya muda akaanza kunenepa.

Mashavu yalijaa, miguu ikawa mifupi na minene, tumbo likatangulia mbele. Mama mkubwa, mke wa yule kaka yake baba, alimshika shavu akapiga kelele ya furaha: "Yo! Muangalie mutoto! Hii nyumba iko na baraka!" Baba akawa anamtoa nje jioni kumwonyesha majirani. Nywele zake zikageuka nyekundu kama ndevu za mahindi, wakasema rangi nzuri. Akaacha kucheza, akawa anakaa tu ukutani, wakasema mtoto ana adabu. Ee Mungu wangu, walimsifu! Mtoto alikuwa anakwenda, na sisi tulikuwa tunamshangilia.

Mwaka ule nilikuwa shule ya sekondari. Mwalimu wetu wa biolojia alikuwa kijana mwenye abakosti moja tu, ile suti isiyovaliwa na tai, viwiko vimeng'aa kwa kuvaliwa. Alitufundisha habari za seli, zile chembe ndogo sana ambazo mwili umejengwa nazo. Akatuuliza: kwa nini mwili unaokua haukuzi seli zake ziwe kubwa, bali kila seli ikifika kiasi fulani inajigawa mbili? Akamenya muhogo, akakata vipande vidogo-vidogo na kimoja kikubwa, akavitumbukiza vyote katika wino mwekundu, akaviacha hadi kesho.

Kesho yake alivipasua mbele yetu. Vidogo vilikuwa vyekundu hadi moyoni. Kile kikubwa kilikuwa chekundu nje, na katikati cheupe kabisa.

"Seli inakula kwa ngozi yake," alisema. "Ikikua, tumbo linaongezeka haraka kuliko ngozi. Mwishowe ngozi haiwezi kulilisha tumbo. Igawanyike, la sivyo itakufa."

Niliinua mkono. "Sitwayeni mwalimu," nilisema, maana siku zile kila mtu aliitwa raia, "na tukiongeza wino?"

"Hata ukileta pipa zima. Wino upo, lakini haufiki."

Nilitazama ule weupe nikamwona mdogo wangu. Mashavu yalikuwa yamenidanganya na mimi, lakini bega lile na tonge lile tupu nilikuwa nayaona kila siku. Sikusikia tena somo lililofuata. Nilirudi nyumbani nusu nikikimbia.

Jioni, wote tumezunguka beseni, nilisema. Nilisema vibaya, najua, kwa sauti ya juu, kama mtu anayeogopa kwamba atanyamazishwa. "Baba, tugawe sahani. Mtoto hafikii samaki. Hanenepi huyu, kuna kitu!"

Baba mkubwa aliondoa mkono wake kwenye bukari polepole, akaufuta kwenye suruali. "Mutoto anasema tunamuloga mudogo wake," alisema.

Kofi la baba lilinifikia kabla sijajibu. "Unataka kuvunja nyumba yangu? Bakubwa balisema kidole kimoja hakivunji chawa! Hapa tunakula pamoja!" Kisha akamsihi kaka yake, akamsihi tena, hadi mkono ukarudi katika beseni. Mdogo wangu alikuwa ukutani anatutazama. Siku hiyo hakuomba hata tonge.

Asubuhi, baba alipokwenda kazini, mama alimfunga mtoto mgongoni, nami nikamfuata hadi zahanati. Muuguzi, mama wa makamo, alibonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba. Alipokiondoa, shimo lilibaki.

"Mama, huyu hakunenepa. Hii ni maji. Anakosa samaki, anakosa maharagwe."

"Lakini samaki iko," mama alisema. "Kila siku iko!"

"Iko wapi? Mu sahani, ao mu tumbo lake?"

Walijaribu maziwa kwa kijiko, kidogo kidogo, na mtoto aligeuza uso. Alifia palepale zahanati, kichwa chake kikiwa kwenye mkono wa mama.

Kwenye kilio, lile neno ambalo baba alilikimbia maisha yake yote lilikuja lenyewe na kukaa kati yetu. Wanawake walinong'ona: mtoto alikuwa munene, mwenye afya, na hawa wageni wa Pweto walipofika tu... Nilitaka kupiga kelele: si uchawi, ni beseni! Lakini nani angenisikia? Baba mkubwa alisikia minong'ono, akachukua mke na watoto wake, wakaondoka kwenda Kipushi kabla kilio hakijamalizika. Hakumuaga baba.

Wiki ile ile baba alikwenda tena soko la Kampemba. Alirudi na sahani mbili za bati, zenye maua pembeni, amezifunga katika gazeti. Alizifungua mbele ya mama, akaziweka chini moja kando ya nyingine.

Mama alipakua bukari katika ile ya kwanza. Tukakaa. Kila mtu alifika, magoti hayakugusana, bakuli la samaki lilikuwa karibu na mkono wa kila mmoja.

Mama aliishika ile ya pili, akamtazama baba.

"Na hii ni ya nani?"