Vibao vya Idara Saba

Siku ya kwanza niliingia chuoni na makopo mawili ya rangi na brashi tatu mfukoni. Nalisema hili mapema, maana vijana wakisikia mtu amesimamia tovuti ya chuo zaidi ya miaka ishirini wanadhani alikuja na joho na cheti chenye fremu. Mimi nina darasa la saba. Yaliyobaki niliyasomea kwa macho haya mawili, ambayo leo hata kwenye gazeti yananisumbua.

Kazi yangu ilikuwa kuchora vibao, pale Mkuyuni. Miaka ile ya tisini biashara zilikuwa zimefunguliwa, na kila mwenye chumba kinachotazama barabara alitaka kuwa na kitu: duka la dawa, saluni, banda la video. Kila aliyefungua alihitaji kibao. Kuanzia Mkuyuni mpaka Pasiansi, ukikuta kibao ambacho herufi zake hazijalewa, hicho kilikuwa changu. Mwenye kituo cha kwanza cha kufundisha kompyuta mtaani kwetu alinipa kibao kirefu cha ukutani, nikamwambia anilipe kwa masomo. Wenzangu walinicheka wiki nzima. Waliendelea kucheka mpaka siku waliponiona nimevaa tai.

Chuo kilikuwa upande wa Nyegezi, chuo binafsi, bado kinanukia saruji. Aliyeniita alikuwa Msajili, yaani mtu anayetunza majina ya wanafunzi, mitihani na mihuri. Mzee wa Kikerewe, mrefu, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu hata jua likiwaka namna gani. Alinikuta juu ya ngazi namalizia kibao cha mlango wa idara ya mwisho.

"Wewe ndiye Mabula?"

"Ndimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Herufi hizi umezipiga bila rula?"

"Rula ni ya wasiojiamini, mzee."

Hakucheka. Alirudi nyuma hatua kumi, akafumba jicho moja, akatazama milango yote saba. "Nasikia unajua na kompyuta. Shuka, kuna vibao vingine nataka uvione."

Alinipeleka kwenye chumba kilichokuwa stoo ya vitabu. Humo mlikuwa na kompyuta mbili, feni, na mtambo ambao mtaalamu mmoja wa nje alikuwa ameufunga, akakaa wiki tatu, akaondoka. Leo mnauita mfumo wa kusimamia maudhui. Sisi tuliuita mtambo tu. Ulikuwa na violezo: fomu zenye nafasi tupu za jina la idara, mkuu wake, kozi zake na picha. Unajaza, unabonyeza, ukurasa unajitengeneza wenyewe na kufanana na wenzake. Kurasa zilikaa kwenye seva, ile kompyuta ya pili, ambayo haikuwa na kazi nyingine. Wahadhiri hawakutaka kuugusa. Kwao kuchapa ilikuwa kazi ya karani, na makarani walisema kazi waliyonayo inawatosha.

Kwa hiyo nikaushika mimi. Kibarua, bila mkataba.

Kila ukurasa ulianza kwenye karatasi. Mkuu wa idara aliandika kwa mkono, Msajili akasoma, akapiga muhuri, karatasi ikaingia kwenye faili lenye namba, ndipo nami nikaruhusiwa kuchapa. Nikimaliza nachapisha nakala, inarudi kwa mkuu kusainiwa tena. Ukurasa mmoja uliweza kuzunguka mwezi mzima. Kupeleka picha kwenye mtandao wa nje tulitumia modemu, chombo kinachopitisha mtandao kwenye waya wa simu, na yule dada wa mapokezi akinyanyua simu tu, kila kitu kinakatika. Mkuu wa Idara ya Kilimo alikaa kwenye mtandao siku nne akiwa na paji la uso na macho basi. Alipolalamika nilimwambia pua iko njiani, inakuja.

Nilifanya kazi ile vizuri kuliko walionizidi shule mara tatu. Siwaonei haya. Aliyeniambia "wewe mchora vibao" nilimfungulia ukurasa wake, nikamwonyesha makosa matano.

Halafu tukaambiwa wakaguzi wanakuja kutoka Dar es Salaam. Hao ndio wangesema idara zipi zinastahili kuendelea. Msajili aliniita ofisini kwake.

"Mabula, wakiziona kurasa za idara zote saba zinafunguka, nitaandika barua uajiriwe moja kwa moja. Cheti huna. Mimi siwezi kukuombea kwa cheti, nitakuombea kwa kazi. Nafasi yenyewe ni hii. Nyingine siioni."

Nilikuwa na mke, watoto wawili, na mgongo ulioanza kukataa ngazi. Nilielewa.

Akanipa bahasha iliyofungwa kwa lakiri, kama ya mitihani. Ndani mlikuwa na jina lake la kuingilia kwenye mtambo na neno lake la siri. Mtambo ulikuwa na ngazi za ruhusa: mimi niliweza kujaza kurasa, lakini jina la idara lenyewe alilibadilisha Msajili peke yake. Na yeye mausi alikuwa hajawahi kuishika, aliiangalia kama kitu kinachoweza kuuma.

"Ukiingia kwa jina hili," alisema, "wewe ni mimi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mzee."

Asubuhi ya ukaguzi, saa mbili kasoro, mkuu wa Idara ya Uhasibu aliingia stoo. Mama wa Kihaya, msomi, chuo kilianza na idara yake. Akatazama orodha kwenye kioo: Biashara, Elimu, Habari, Kilimo, Sheria, Uhasibu, Uvuvi. Mtambo ulizipanga kwa alfabeti.

"Baba, hii ni nini? Mimi nimfuate Biashara? Biashara nimeizaa mimi!"

"Ni mtambo, mama. Unafuata herufi."

"Kwenye mahafali tunaingia ukumbini kwa herufi?"

Alikuwa na haki. Pale chuoni kila kitu kilikwenda kwa itifaki: kuingia ukumbini, kukaa, kunawa mikono kwenye chakula. Idara kongwe mbele, Uvuvi nyuma kwa kuwa ilikuwa na mwaka mmoja. Alitoka moja kwa moja kwenda kwa Msajili, na dakika tano baadaye Msajili akasimama mlangoni.

"Zipange kwa itifaki. Inawezekana?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili anauliza muda. Mimi nikasema, "Kwangu mimi, mzee? Dakika kumi."

Niliingia kwa jina lake. Mbele ya kila idara nikaweka namba: 1 Uhasibu, 2 Biashara, mpaka 7 Uvuvi. Nikabonyeza. Orodha ikajipanga kama askari wa gwaride. Nikarudi nyuma hatua tatu, nikafumba jicho moja, nikaitazama. Nzuri. Nikazima feni, nikaenda kunywa chai.

Kosa langu lilikuwa la mchora vibao. Kibao ukikiona kimenyooka, kazi imekwisha, hufungui mlango kuangalia kama ndani mna watu. Mtambo ule ulitumia jina la idara kama anwani ya kurasa zake. Nilipobadilisha jina nilikuwa nimetengeneza chumba kipya kitupu chenye kibao kizuri, na kozi, picha, saini za mwezi mzima zikabaki kwenye chumba cha zamani ambacho hakikuwa tena na mlango.

Saa nne tulikuwa ukumbini. Wakaguzi watatu, wakuu wa idara wote, Mkuu wa Chuo, Msajili. Kompyuta ilikuwa imesogezwa mbele. Mwenyekiti wa wakaguzi alisifu orodha, mama wa Uhasibu akajinyoosha kitini. Kisha mwenyekiti akaniambia nifungue hiyo ya kwanza.

Ukurasa mweupe, na maandishi ya Kiingereza ambayo kila mtu mle ndani aliyaelewa: ukurasa huu haupo. Nikafungua Biashara. Haupo. Nikafungua zote saba huku jasho likishuka mpaka kwenye soksi. Na chini ya kila ukurasa mtambo uliandika mstari mdogo wa aliyebadilisha mara ya mwisho: MSAJILI, saa mbili na dakika ishirini asubuhi.

Mwenyekiti alivua miwani. "Msajili ni nani hapa?"

"Mimi."

"Leo asubuhi umebadilisha nini?"

Kila mtu wa chuo mle ndani alijua mzee yule hajui hata kuwasha kompyuta. Mama wa Uhasibu alitazama mkoba wake. Msajili aligeuza shingo akanitazama. Nadhani alinipa muda. Naukumbuka muda ule, ulikuwa mrefu wa kutosha kusema maneno mawili. Nilitazama mausi.

"Nilitaka zikae kwa itifaki," alisema. "Jina ni langu. Nimekosea mimi."

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kuondoa aibu. Kikao kikaahirishwa. Kwenye korido alinikuta nimeegemea ukuta.

"Zipo au zimepotea?"

"Zipo, mzee. Nikirudisha majina ya zamani zinarudi."

"Karudishe."

Basi. Hakusema kingine, siku hiyo wala baadaye. Mchana wakaguzi waliziona kurasa zote, Biashara mbele, Uhasibu ya sita, na mama hakufungua mdomo. Idara zote saba zilipita. Barua yangu ya ajira ilitoka mwezi uliofuata, ameiandika yeye, sentensi nne. Lakini taarifa ya wakaguzi ilisema ofisi ya Msajili inaingilia kumbukumbu za idara bila uangalifu. Wakati ule alikuwa akitajwa kuwa Makamu Mkuu wa Chuo. Wakachukua mtu mwingine. Alistaafu akiwa Msajili, na kwenye sherehe ya kumuaga mshereheshaji alisema, "Huyu ndiye mzee aliyefuta chuo kizima kwa kidole kimoja!" Alicheka. Na mimi nilicheka.

Baada yake nilifanya kazi chini ya wakubwa watano. Mkurugenzi wa TEHAMA wa kwanza aliniita "mzee wa violezo" nikiwa sijafika hata arobaini. Mtambo ule ulitupwa, ukaja mwingine, ukatupwa, ukaja wa tatu. Kila ulipoingia mpya nilihamisha kurasa moja moja, na kila mara baadhi zilipotea njiani. Huko Pasiansi kuna ukuta bado unaonyesha herufi zangu za mwaka ule, jua limezipauza lakini zinasomeka. Kurasa nilizotengeneza, maelfu, huwezi kunionyesha hata moja. Sijui kama nilifanya kazi au nilitwanga maji kwenye kinu.

Mwaka niliofikisha hamsini na tano niliomba kustaafu kwa hiari. Wiki ya mwisho ikaletwa tanzia ya kupandisha kwenye tovuti. Msajili wa zamani alikuwa amefariki kwao Ukerewe. Ofisi ya habari ilikuwa imeandika vizuri, ila katikati waliweka: "Atakumbukwa pia kwa siku alipofuta kurasa zote mbele ya wakaguzi, kisa alichokipokea kwa ucheshi."

Nilikaa na sentensi hiyo tangu asubuhi mpaka chai ya saa nne. Nikaifuta. Mahali pake nikaandika: "Kurasa zile hakuzifuta yeye. Nilizifuta mimi, na sikusema." Nikabonyeza.

Mkurugenzi wangu wa mwisho, binti msomi, mwenye heshima zake, alinipigia simu. "Shikamoo mzee Mabula. Hii sentensi kwenye tanzia..."

"Marahaba. Iache, mwanangu."

"Mzee, tanzia ni ya marehemu. Watu watauliza wewe ni nani."

"Ndiyo waulize."

"Nitaitoa hii yako, na ile ya kwanza sitairudisha. Iwe safi. Sawa, mzee?"

Nilichoka kubishana. Nikasema sawa. Ijumaa wakanipa saa ya ukutani, na Jumatatu nilipojaribu kuingia kwa jina langu nikiwa nyumbani, kwa mazoea tu, ili niione tanzia ilivyokaa, mfumo ukaniambia jina langu haulitambui.

Kwa hiyo naiweka sentensi yangu hapa. Siku ya wakaguzi, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, aliyebadilisha majina ya idara saba alikuwa Mabula, mchora vibao wa Mkuyuni.