Bati Limefanya Kosa Gani?

Nilitaka nyumba ya bibi ifichwe bati. Siku hizi ukipita mitaa mipya ya Dodoma utaona: ukuta unapandishwa mpaka unazidi paa, ukisimama barabarani huoni bati hata moja, nyumba inaonekana kama boksi. Mimi naona inapendeza. Nilikuwa nimemaliza form four, nipo nyumbani, mtaa wa Kikuyu hapo hapo mjini, nasubiri matokeo, na mama alikuwa amenipa kazi ya kusimamia ujenzi kule kijijini Hombolo. Nikasema nikisimamia mimi, kitaeleweka.

Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo, chumba na sebule, na ilikuwa na haraka. Bibi anaishi kwenye tembe, nyumba yetu ya zamani ya Wagogo, miti na udongo, na paa lake ni bapa, udongo umelazwa juu ya miti. Masika yaliyopita mti mmoja ulipasuka na udongo ukaanguka hatua mbili kutoka kitandani kwake. Mama alimsihi aje kukaa na sisi Kikuyu, akakataa. Kwa hiyo tukakubaliana tumjengee pale pale uwanjani kwake, ahamie kabla mvua hazijaanza. Tofali zilikuwa zimeshachomwa, na zikiisha zimeisha, hakuna nyingine.

Jumapili moja mjomba alikuja kula. Yeye ni mkadiriaji majengo, ofisini kwao kazi yake ni kupunguza gharama za michoro ya watu bila kuharibu jengo. Wenyewe wanaiita value engineering. Nikamwonyesha mchoro wangu kwenye daftari, nikisubiri sifa.

"Usinitajie vitu," akasema. "Nitajie kazi. Kila kitu, maneno mawili tu. Dirisha?"

"Kuingiza hewa."

"Mlango?"

"Kupitisha watu. Na kuzuia mbuzi."

"Hapo umeongeza, lakini sawa. Huu ukuta wa juu?"

"Kuficha bati."

Mjomba akaacha kutafuna. "Bati limefanya kosa gani mpaka lifichwe?"

Mama alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Mimi nilinuna. Mjomba akaendelea kama haoni: ukuta ule unakula tofali nyingi, na nyuma yake maji ya mvua yanakusanyika, mfereji ukiziba tu yanaingia ndani. Akasema siyo kwamba cha bei rahisi ndiyo kizuri. Unauliza kazi, halafu unauliza kama kuna njia nyingine ya kuifanya kazi hiyo hiyo kwa vitu vichache.

Nilinuna kama nusu saa hivi. Halafu nikashika kalamu, na nikishika kitu mimi sijui kuachia. Usiku ule nikapitisha kila kitu kwenye maneno mawili. Ukuta wa juu nikaufuta. Silingi: kuficha bati kwa ndani. Nikaifuta, kosa ni lile lile. Baraza: kukaa. Nikafikiria, kukaa si kunafanyika sebuleni? Nikafuta na baraza. Nikalala nimeridhika kabisa.

Fundi aliposoma daftari langu alinitazama juu mpaka chini. "Injinia wa daftari," akasema, "kwa hiyo bati tunaliacha uchi?"

"Liache uchi."

"Na baraza?"

"Halina kazi."

"Haya bosi." Akapiga kamba, wakachimba msingi.

Bibi alikuja kuangalia siku wanamwaga zege. Mimi na yeye ni watani, ananiita mke mwenzangu kwa sababu, anavyosema, nilizaliwa nikamkuta na mume wake. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia, akaingia ndani ya kamba, akatembea toka kona moja hadi nyingine, akatoka. Akakaa juu ya tofali.

"Mke mwenzangu. Mtu akija kunijulia hali anakaa wapi?"

"Sebuleni, bibi."

"Mwanaume wa watu aingie mpaka ndani? Na mlenda wangu nauanika wapi? Pale juu?" Akaonyesha hewani, mahali bati litakapokuwa. "Nipande kwenye mgongo wa sufuria?"

Fundi akageuka upande, mabega yanamtikisika.

"Na saa kumi jua likija upande huu," bibi akasema, "mimi niko humo ndani naiva."

"Bibi, tembe litakuangukia!"

"Litaniangukia langu. Hii ni nyumba yenu. Mkimaliza wekeni mbuzi."

Akaondoka. Nikabaki pale na daftari langu. Nilikuwa na hasira naye, kusema kweli, tunahangaika kwa ajili yake halafu anatukejeli mbele ya mafundi. Lakini zaidi nilikuwa na hofu. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika jioni jioni na kutawanyika, na bibi akisema hapana huwa harudi nyuma. Nikampigia mjomba, nikamweleza yote, nikitegemea atasema bibi ni mkaidi.

"Hiyo orodha ya kazi uliandika na nani?" akauliza.

"Mwenyewe."

"Na anayehamia ni nani?"

 Akakata simu.

Nikaenda kulala kwa bibi siku mbili. Nilidhani itachukua asubuhi moja: namuuliza, ananijibu, naandika, basi. Kila nikifungua daftari anasema, "Ukitaka kuandika, kwanza twanga." Nikatwanga. Nikachota maji. Nikapanda juu ya tembe kugeuza mlenda uliotandazwa kule ukauke, na kutoka juu nikaona mbuzi wanautazama kwa uchungu bila kuufikia. Pale ndipo nilipoelewa kwamba paa lile lilikuwa linafanya kazi tatu, na mimi nilikuwa nimeandika moja. Lilizuia mvua, lilizuia joto, na lilikuwa jiko la jua. Mbele ya mlango, chini ya kile kipande cha paa kinachotokeza, walikuja watu sita kwa siku moja. Hakuna aliyeingia ndani. Mbukwenyi, mbukwenyi, wanasalimiana kwa Kigogo, wanakaa, wanapewa maji, wanasema shida yao, wanaondoka. Baraza langu la "kukaa" lilikuwa linafanya kazi ambayo sebule ingeiharibu.

Niliandika kurasa nne. Nikarudi kwa fundi, nikaona aibu kidogo, nikameza.

"Tofali tulizookoa kwenye ukuta wa juu zinatosha baraza?"

"Baraza si halina kazi?"

"Fundi, nijibu."

Akahesabu kwa vidole. Zilitosha, na zikabaki za kuongeza kozi mbili, mistari miwili ya tofali, kwenye kuta, bati likae mbali na kichwa, na pale juu tukaacha matundu ya kutoa joto. Baraza tukaliweka upande jua linakozama, bati likavutwa mbele kulifunika, ili ukuta usichomwe jioni. Pembeni fundi akasimamisha kichanja cha fito cha kuanikia mlenda, kirefu kuliko mbuzi akisimama kwa miguu miwili. Tulijaribu na mbuzi wa kweli. Alishindwa.

Bibi alikuja tena. Akakaa barazani, akanyoosha miguu, akatingisha kichanja kwa mkono. Hakusifia. Akasema tu, "Mlango nataka wa bluu."

"Rangi ya bluu kazi yake nini?" Nilikuwa nimeshazoea, swali likanitoka lenyewe.

"Kunifurahisha mimi. Maneno mawili hayo. Andika."

Nikaandika.

Alihamia Jumatano, na sufuria zake, kigoda, na mlenda wa mwaka mzima. Ijumaa mchana mvua ikaja, ile ya kwanza, matone makubwa yanayonuka vumbi. Tulikuwa sebuleni. Dakika ya kwanza sawa. Ya pili, bati uchi bila silingi likaanza kupiga kelele kama watu elfu wanamwaga mahindi juu ya vichwa vyetu. Bibi akasema kitu. Sikusikia. Akarudia. Nikaona midomo tu. Basi akachukua daftari langu mezani, yeye ambaye hajui kusoma, akaligonga kwa kidole, kisha akanyoosha kidole hicho hicho juu kwenye paa, akanitazama kama mwalimu anayesubiri jibu.

Nikaandika: silingi, kuzuia kelele. Nikamwonyesha, akaitikia kwa kichwa kama aliyekagua na kuridhika.

Tukatoka barazani ambako angalau tuliweza kusikilizana. Ng'ambo ya uwanja, tembe lilikuwa limelowa na kuwa jeusi. Kona ya upande wa kitanda ikashuka polepole, bila kishindo, kama mtu anayekaa chini. Bibi aliitazama muda mrefu. 

"Mke mwenzangu," akasema mwishowe, "nisaidie kuingiza mlenda. Unalowa."