Alama za Meno kwenye Kibamba

Litugena alikuwa kuhani wa chemchemi ya mungu Brisara kwa miaka ishirini na miwili, na kazi iliyomlisha ilikuwa kuwaandikia watu laana. Aliyeibiwa alikuja na hasira na kuku. Litugena akavipokea vyote viwili. Laana aliichora kinyumenyume kwenye kibamba cha madini ya risasi, akakikunja, akakitumbukiza majini. Wezi hawakuisha bondeni, kwa hiyo hakulala njaa. Sharti hata watoto walilijua: anayekunjua kibamba hurithi laana iliyomo.

Kosa lake ni mbuzi. Dokila, mjane wa kule chini, alimleta mbuzi wa maziwa, mzuri kweli, akataka liandikwe jina la Kapriko, mkusanya nafaka wa Warumi. Ulimi wake ukauke kabla ya mwezi wa tatu kuandama. Kabla kibamba hakijatupwa, Dokila alikiuma kwa uchungu. Ndani ya mwezi wa pili Kapriko akafa, ulimi mkavu kama kigae.

Siku tatu baadaye akida Marsus akaja na askari sita na ndoo. Wakateka mpaka matope, ndoo zikatoka na vibamba vitatu vya karibuni. Hakuna askari aliyevigusa.

"Wanaume wazima mnaogopa bati?" Marsus akawacheka.

"Anza wewe basi, mkuu," akasema mmoja, macho chini.

Kicheko kikamkauka Marsus. Akamgeukia Litugena. "Bibi, bidhaa yako hiyo. Fungua, usome. Nikilisikia jina la Kapriko, wewe na aliyekutuma mtaning'inia mti mmoja."

Cha kwanza kilikuwa cha joho lililoibwa. Cha pili, sufuria ya shaba. Cha tatu, kidole chake kikapita juu ya alama za meno.

Kukataa ni kukiri. Akakunjua.

"Aliyeiba jembe la Vindio," akasoma, "awe mwanamume au mwanamke, mtumwa au muungwana, asipate usingizi mpaka alirudishe hapa."

Marsus akainama, akayakodolea macho maandishi yaliyogeuzwa. Hakuambulia kitu. "Soma tena."

Litugena akarudia neno kwa neno. Maneno hayo aliyauza miaka yote, mdomo uliyajua kama mguu ujuavyo kizingiti cha nyumbani.

"Kwa jembe tu mnamnyima mtu usingizi?"

"Inaonekana hujawahi kulima, bwana."

Askari mmoja akaangua kicheko, wa pili akafuata. Marsus akavipiga teke vibamba vikarudi majini, wakashika njia.

Walipopotea nyuma ya kilima Dokila akatoka vichakani, akamwangukia Litugena magotini. "Mama, umeniokoa! Nitakupa nini mimi?"

"Nimekikunjua, Dokila. Kwa mikono yangu hii."

Dokila alikuwa amemshika pindo la nguo. Akaliachia polepole, akasimama, akarudi nyuma hatua mbili.

"Labda Brisara ameona ni... ni kazi yako tu, mama."

"Labda."

"Mwezi wa tatu unaandama lini?"

Litugena alikuwa amechuchumaa ukingoni, anateka maji yaliyovurugika kwa kikombe. Akanywa, matope na yote, akateka tena. Akagusa ulimi kwa ncha ya kidole, akakitazama kidole kama kimelowa, kisha akateka kikombe cha tatu.