Ringi za Bi Harusi

Mimi niliolewa kwa gari ambalo ringi zake nilizing'arisha mwenyewe, nikiwa mwari niliyefungiwa ndani. Nasema hili mapema, maana watu wa Tabora hupenda kukusimulia mambo yako utadhani hukuwepo.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, tulipokuwa tunaitana ndugu hata kwenye foleni ya kugombea kitenge. Mchumba wangu alikuwa na teksi kuukuu iliyokwenda Sikonge na kurudi, ikibeba wakulima wa tumbaku na madebe yao ya asali. Injini ilikuwa nzima na bodi aliisugua mpaka ikatakata. Lakini ringi za magurudumu! Rangi ilikwisha kubanduka, kutu imetafuna, zimepasukapasuka kama visigino vya mtu aliyetembea peku kutoka Igunga. Na kweli yeye kwao ni Igunga, basi watu wakapata la kuchekea.

Kwetu mtaani Kanyenye, bi harusi alipotoka kwao kwa gari, hakuna aliyemtazama yeye. Angetazamwa nini, naye kafunikwa gubigubi? Watu walitazama gurudumu. Gurudumu likianza tu kuzunguka, vigelegele hupasuka, na hapo ndipo mtu huhesabiwa ameondoka kwa baba yake. Kwa hiyo magurudumu ya harusi yalisemwa mjini kuliko hata pilau.

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa na sauti katika ukoo kuliko baba mwenyewe. Yeye hakumkataa mchumba wangu, ila alimpima kila siku, maana kwake mtu aliyekulia kwenye majaruba ya mpunga na mazizi ya ng'ombe bado alikuwa safarini kuja mjini. Alipoziona zile ringi alisimama barazani akasema majirani wasikie:

"Mwanangu hatoki nyumba hii juu ya kutu. Nitamwomba mwenye duka gari lake."

Gari la mwenye duka lilikuwa jeusi, na magurudumu yake yalikuwa na vifuniko vya kung'aa ambavyo dereva alivifuta kwa kitambaa kila aliposimama. Mimi nilikuwa chumbani nasikia. Niliumia mno. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na sikuona kwa nini gari liwe tofauti. Nikitoka kwa gari la mwingine, mume wangu angeitwa mume wa kuazima mpaka wajukuu zetu waote ndevu.

Lakini ningefanya nini, nami niko ndani? Mwari haoni jua, haonekani na wanaume, hagusi kazi. Nilikuwa chini ya somo wangu, mjane jirani yetu, mwanamke mkavu aliyenifunda mambo ya ndoa bila kutabasamu, hata yale ya kuchekesha.

Asubuhi moja akaja dada yake mchumba wangu, akapiga magoti mlangoni.

"Wifi, kaka anauliza, azipake nyeusi au kijani?"

"Nyeusi ipi hiyo?"

"Lami, wifi. Ameipata kwa watu wa barabara. Na kijani ni ile ya mageti."

Nikahamaki. Nimwendee mume wangu juu ya lami kama pipa? Au juu ya kijani nifanane na lango la gereza? Wifi alijitetea kwamba madukani hakuna kitu, na kweli hakukuwa na kitu. Rangi ya fedha, ile waliyokuwa wakiipaka watu wenye magari yao, ilikuwa imeadimika kuliko sukari. Hata ingepatikana, nilijua mwisho wake. Kokoto za barabara ya Sikonge zingeichubua kabla sijazoea kuitwa mke wa mtu. Nyeupe nayo ni ya mji wenye lami, siyo ya udongo wetu mwekundu.

Nilikuwa nimekaa nikinung'unika, macho yangu yako uani kwenye tanuri la baba, na jibu likawa linanitazama muda wote huo.

Baba alikuwa fundi wa kutia bati vyombo vya shaba. Kazi hiyo aliirithi kwa babu, aliyewatilia bati masufuria watu wa misafara waliopita Tabora wakielekea ziwani. Chombo cha shaba kisipotiwa bati chakula hugeuka sumu, kwa hiyo fundi bati hakulala njaa. Kisha zikaja sufuria nyepesi za kiwandani, na kazi ikabaki ya masinia ya harusi na madele, yale mabirika ya wauza kahawa. Macho ya baba yalikuwa yamekwisha ingia ukungu kwa moshi, nami ndiye niliyekuwa mikono yake tangu sijavaa ushungi. Nilikuwa hodari, na sisemi hivi kwa kujisifu tu. Ninajisifu kwa haki.

"Mwambie kaka yako," nikamwambia wifi, "azivue matairi, aziviringishe ringi mpaka mlango wa uani. Aondoke kabla sijazipokea."

Somo akaruka. "Mwari wangu, una wazimu? Mikono hiyo ni ya hina!"

"Hina itapakwa baadaye, somo."

"Shangazi yako atanila nyama."

"Shangazi huja baada ya alasiri. Sisi tutafanya asubuhi."

Akauliza kama bati litatosha pia kwa sinia lake la zamani lililoanza kuwa na madoa. Nikajua nimempata.

Teksi ikabaki juu ya matofali nje ya nyumba ya mchumba, na wapita njia wakamwuliza kama ameiweka itage. Yeye akawa anajibu kwamba ringi zimekwenda kupaka hina. Nilipoletewa maneno hayo nilimpenda upya.

Uani, mimi nilisugua kutu kwa ukwaju na mchanga mpaka chuma kikatoa weupe, somo akavuta mvukuto. Chuma kikishika moto unanyunyizia ile chumvi nyeupe ya kifundi, ambayo moshi wake hukwaruza koo. Kisha unagusisha mche wa bati, nalo linayeyuka na kutiririka, na hapo hapo unalifuta kwa pamba kwa mzunguko mmoja usiokatika. Ukisita, linafanya vinundu. Ringi ya kwanza ililainika vizuri ajabu. Nikaisimamisha ipoe, nikarudi nyuma niifurahie.

Somo akaizunguka. "Mwari, mbona huku kungali kweusi?"

Nilikuwa nimeitia bati kwa ndani! Maisha yangu yote nimetia bati tumbo la chombo, maana ndiko chakula kinakokaa, na mkono wangu ukaenda huko wenyewe bila kuniuliza. Ringi ikawa inang'aa kama mwezi kule kunakotazama chini ya gari, kwa ajili ya kuku na mbwa. Somo, aliyekuwa hacheki, aliketi chini akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi nililia, kwa sababu mche wa bati ulikuwa umebaki mfupi na Tabora nzima hakukuwa na mwingine.

Baba alikuwa amekaa kivulini akisikiliza. Akasema tu, "Irudishe motoni. Bati haliozi, mwanangu. Litoe upeleke unakotaka."

Nikairudisha. Nikalikomba bati lile kwa pamba likiwa bado maji, nikalipeleka nje ya ringi, na huko ndiko nilikoungua kidole gumba. Sikupiga kelele. Ringi zote nne zilipokamilika, nilikuwa nanuka moshi kama nyama ya kukaushwa, na pambizoni mwa sinia la somo palibaki sehemu ndogo isiyofikiwa na bati, ambayo alinikumbusha mpaka anakufa. Kidole changu alikificha kwa piko, maua meusi yaliyokolea juu ya hina, na shangazi akayasifia.

Siku ya harusi nikatolewa. Nilifunikwa kanga juu ya shela, kichwa chini, nikiona ardhi tu na miguu ya watu. Shangazi alinishika mkono wa kulia, somo wa kushoto. Tulipovuka kizingiti nikaona gurudumu, na katikati yake kifuniko cha kung'aa kilichofutwa kwa kitambaa. Gari la mwenye duka lilikuwa limekuja! Shangazi alikuwa ametimiza ahadi yake bila kumwambia mtu, na mkono wake ukaanza kunivuta huko.

Mwari hasemi. Nimezaliwa na ulimi mrefu, na siku niliyouhitaji kuliko zote ndiyo siku niliyokatazwa kuutumia. Nilikanyaga ardhi kwa nguvu nisisogee, shangazi akanivuta tena.

Ndipo nikasikia sauti ya mwanamume upande wa pili. Alikuwa dereva wa mwenye duka, amechuchumaa kwenye magurudumu ya teksi yetu.

"Jamani, hii mmepaka nini? Mbona siyo rangi?"

Akagonga kwa kucha, ikalia. Wanawake wakasogea. Shangazi akasogea nao, na kwa kuwa alikuwa hajaniachia mkono, nami nikasogea. Nikaona miguu yake ikisimama mbele ya ringi. Usisahau kwamba na yeye alizaliwa nyumba ile ile, kwenye moshi ule ule, na alijua kusoma mzunguko wa pamba kama mtu anavyojua mwandiko wa nduguye.

"Bati hili," akasema taratibu. "Mkono huu ni wa kwetu. Ni wa nani? Kaka haoni."

Somo akajibu, "Ni wa huyo uliyemshika."

Shangazi akaugeuza mkono wangu. Dole gumba lake likapita juu ya maua ya piko, likalikuta lile jeraha chini yake, likatulia hapo. Nilidhani atanifokea mbele za watu.

"Rudisha gari la wenyewe," akamwambia dereva. "Mwambie tajiri yako ahsante, tunalo letu."

Akanifungulia mlango wa teksi yeye mwenyewe. Nilipoinama kuingia niliuona upindo wa gauni langu jeupe ndani ya bati kama kwenye kioo, na nyuma yake kivuli cha mume wangu akikimbilia usukani. Nilikuwa na furaha ya kumtosha mtu mzima na wanawe. Gari likanguruma, gurudumu likazunguka, na kigelegele cha kwanza, kile kirefu kilichowatangulia wote, kilitoka kooni mwa shangazi.