Mlango wa Uani wa Tarw Gwyn

Saa moja asubuhi, Alhamisi, Eirlys Pugh anafungua komeo la mlango wa uani wa Hoteli ya Tarw Gwyn, kisha anarudi jikoni kumenya viazi. Ni siku ya mnada wa kondoo mjini Llanerwyd. Ndiyo siku itakayoamua kama chumba cha chakula kitabaki.

Mama huyu wa miaka 61 amepika hapa tangu alipomaliza shule. Mama yake alitandika vitanda vya ghorofani. Bibi yake aliwapikia chai askari waliolala hapa wakati wa vita. Zamani zaidi, magari ya farasi yaliingia uani, farasi wakabadilishwa, abiria wakala.

"Wageni hupita mbele, kule kwenye uwanja wa mji," anasema. "Sisi wa hapa tunapita uani. Mlango wa mbele ni wa maharusi na majeneza."

Masika haya hoteli ilipata mmiliki mpya, Martin Sadler, mtu wa jiji. Akahofia wezi, akautia mlango wa uani kufuli. Wafugaji waliozoea kula hapa siku za mnada hawakulalamika. Waliliona, wakasimama kidogo mvuani, wakaenda zao na njaa. Nani angekanyaga zulia la mbele na buti zenye samadi? Sadler akaona meza tupu, akaamua kukigeuza chumba kile kiwe vyumba vya kulala.

"Niliumia, sikufichi," anasema Eirlys. "Nikamwambia, 'Bosi, watu wapo, wewe ndiye uliyewafungia nje.' Akanijibu, 'Si wapite mbele?' Nikacheka huku machozi yananilenga."

Mwishowe Sadler akampa Alhamisi moja tu ya kujaribu, mlango wa uani ukiwa wazi.

Saa tano, buti zinasikika uani. Tegwyn Breese, mfugaji wa milimani, anaingia akipangusa miguu.

"Kumbe upo, bibie! Tulidhani umeuzwa pamoja na vitanda."

"Nani aninunue na ulimi huu? Keti, supu inapoa."

Kufikia saa sita viti vimekwisha, na supu ya kondoo inanukia hadi barabarani. Sadler anachungulia kutoka ukumbi wa mbele, kisha anatoka nje. Eirlys anasimama na upawa mkononi.

Mara mlango wa uani unafunguliwa. Ni Sadler, viatu vimejaa tope, ameshika lile kufuli.

"Hili niliweke wapi?"

"Kwenye banda la kuku!" anadakia Tegwyn, na chumba kizima kinacheka.

Jioni, akisugua sufuria, Eirlys anasema ana mpango wa kupika miaka minne zaidi.

"Nikistaafu nitatoka kwa mlango huu wa uani, kwa miguu yangu," anasema. "Ule wa mbele unisubiri."