Kunja Kidole

Ilianza Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Mama alirudi kutoka sokoni amekumbatia boga kubwa, akalitua mezani. Nikamwambia dada yangu mdogo alisogeze kando, naye akacheka. "Mbona unalionyesha na ngumi? Unataka kulipiga?" Nikatazama mkono wangu. Kweli, kidole nilikuwa nimekikunja. Huku Njiru, orofa ya nne, hakuna anayefanya hivyo. Nilikuja na tabia hiyo kutoka Shauri Moyo, mtaa tulioishi zamani.

Acha nikuambie wewe, maana yeye nilishindwa kumweleza kwa kicheko chake.

Nyuma ya nyumba yetu ya kanjo, zile za kukodi za baraza la jiji, Kukhu alikuwa na shamba. Kukhu ni nyanya yangu, mama wa mama yangu. Kwao magharibi ndivyo bibi anavyoitwa. Nikisema shamba usifikirie ekari. Yalikuwa magunia ya udongo yaliyotobolewa mbavuni, sukuma wiki ikichungulia kila tundu, mrenda kwenye karai bovu, na mche mmoja wa boga uliotambaa juu ya ua wa mabati. Asubuhi palinukia majivu na maji ya kuoshea mchele, ambayo Kukhu aliyamwaga polepole kwenye mizizi. Nyundo za mafundi wa soko la Gikomba zilikuwa zimeshaanza kugonga. Katikati ya kelele hizo alivua slipa zake, akasimama miguu mitupu na kuisalimia mimea: sukuma kwanza, halafu mrenda, boga mwisho, kwa sababu eti lina majivuno. Nilimuuliza kama anaomba au anaongea na mboga.

"Vyote viwili," akasema. "Mungu hupita hapa asubuhi. Hizi humshika nguo asiende haraka."

Alikuwa na masharti yake. Usichume ukiwa na hasira. Usiruke mtambao wa boga. Na boga changa usilinyooshee kidole, litaoza. Ukitaka kulionyesha, kunja kidole.

Mwaka huo mama alikuwa mjamzito, presha ikampanda, akalazwa hospitalini. Kukhu akaweka kiganja juu ya boga lililokuwa limeanza tu kufunga, likitoshana na ngumi yangu, akamwambia Mungu: hili ni lako, binti yangu na mtoto wake warudi wazima. Hakujua nimesikia. Nami, kwa akili yangu ya darasa la pili, nikaelewa jambo moja: boga likioza, mama harudi.

Nikawa askari. Nikitoka shule nakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nalilinda. Kuongea sikuwa naongea. Wageni wakija niko chini ya meza. Darasani mwalimu aliniruka tu, alishachoka.

Sasa, jirani yetu alikuwa mchongaji, Mkamba mmoja mcheshi aliyekaa mlangoni pake akichonga twiga. Alasiri moja akachungulia juu ya ua. "Haiya, mama, hili nalo limenona!" Na kidole chake kirefu, chenye vumbi la mbao, kikanyooka moja kwa moja.

"Kunja kidole!"

Ilikuwa sauti yangu. Kali, hata kuku wakatawanyika.

Mchongaji akatazama kidole chake, akanitazama mimi. "Kumbe haka kako na mdomo! Mimi nilidhani ni kinyago changu kimoja nilisahau hapa."

"Ameshalionyesha, Kukhu," nikalia. "Mama atakufa."

Hapo ndipo Kukhu alipojua nilichokuwa nimebeba siku zote hizo. Hakusema ni upuuzi. Alimgeukia jirani. "Uma hicho kidole, ubaya ukutoke."

"Lakini mama, mimi ni mtu wa kanisa."

"Hata mimi. Uma."

Akauma, uso ameukunja kama anayekula ndimu. Kukhu akachota majivu, akalipaka boga, akanipaka na mimi kwenye paji la uso. Akanivua viatu, akaniambia nimwambie Mungu mwenyewe ninachoogopa, tena kwa sauti, maana udongo hausikii mambo ya moyoni. Nikasema. Jirani akavua kofia.

Sijui zilikuwa dawa za hospitali au kile kidole. Mama alirudi na dada yangu ndani ya blanketi la manjano. Boga lilipoiva tulilibeba hadi madhabahuni, baadaye likapikwa likagawiwa, na mchongaji akadai kipande kikubwa kwa kuwa alijeruhiwa.

Nyumba zile zilibomolewa. Magunia yalipokuwa, pamejengwa ghorofa. Kukhu yuko ushago, kijijini kwao, ana ardhi tele, na hulalamika kwa simu kwamba mimea ya huko ni mingi, kabla hajamaliza kuisalimia jua limeshawaka. Mimi hucheka. Ila huku kwetu watu huonyesha chochote kwa kidole, na hakuna anayeshtuka.

Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, nilishuka ngazi nikabisha kwa keateka, msimamizi wa jengo. Alifungua mlango na mswaki mdomoni.

"Wewe si wa orofa ya nne? Sijawahi kusikia sauti yako."

Nikamwambia nataka kona moja ya paa, karibu na matangi, niweke magunia. Akauliza nitapanda nini. Nikamweleza yote, naye akasimama pale akinisikiliza, hadi povu likamkauka midomoni.