Kibuyu cha Baba Kwenye Chuo cha Udereva

Harufu ya dizeli ikikutana na harufu ya pombe ya ndizi, mimi narudi darasa la sita. Najiona nimekaa kwenye basi, nimepakata mirija iliyofungwa kwa kamba ya mgomba, na miguu haifiki chini. Jumamosi iliyopita zilikutana tena. Nyumba yangu hapa Biharamulo mjini imepakana na karakana ya malori, kwa hiyo dizeli naivuta tangu chai ya asubuhi na nimeshaizoea. Sasa akapita kijana na baiskeli, amebeba dumu la pombe, kizibo chake cha jani la mgomba kinatoa povu. Nikasimama na ufagio mkononi, nikacheka peke yangu mpaka jirani akachungulia dirishani. Jirani sikumweleza. Nyie nitawaeleza.

Kwetu ni Mugoma, wilaya ya Ngara. Dada yangu Konsolata ndiye kifungua mimba, mimi Evodia ndiye kitinda mimba, na katikati yetu kuna kaka watatu ambao hawahusiki sana na habari hii, maana siku zile hawakuhusika na jambo lolote zaidi ya kula. Dada alipomaliza shule alitangaza mezani kwamba anataka kuwa dereva wa lori. Hakusema polepole kama mtu anayeomba. Alisema huku anajiongezea maharage.

Watu walitegemea Baba atakataa kwa sababu ni msichana. Hapana. Baba alikuwa anajua mikono ya Konsolata vizuri, maana ndiyo iliyokuwa inamalizia shamba kaka zangu wakiwa kivulini. Kilichomsumbua Baba kilikuwa Gervazi. Gervazi alikuwa kijana wa jirani yetu, alipata kazi ya kuendesha lori la tajiri mmoja wa mbali ambaye hakuna mtu Mugoma aliyewahi kumwona. Gari likapata ajali, Gervazi akafa huko huko. Mama yake hakuambiwa na tajiri wala na mtu wa tajiri. Alisikia sokoni kwa muuza dagaa, ambaye alidhani anampa pole kwa jambo analolijua. Nilikuwepo siku ile. Niliona dagaa wamemwagika chini na hakuna aliyeinama kuwaokota.

Kwa hiyo Baba alisema hivi: Konsolata ataendesha, lakini hataingia kwenye nyumba ambayo yeye haijui. Na nyumba, kwa Baba, ilikuwa na namna yake ya kujulikana. Mtoto akiwa anaingia kwa watu, iwe ni kuolewa au ni kufanya kazi, mzazi hubeba kibuyu cha pombe ya ndizi na mirija, anakwenda kwa mwenye nyumba, wanakunywa pamoja kutoka kibuyu kimoja, wanaongea. Mtoto mwenyewe anayeombewa hukaa kimya. Husemewa na mtu mwingine.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Kiswahili cha Baba kilikuwa cha sokoni tu, cha kuuza kahawa na kununua chumvi, na lori alikuwa analiita rori mpaka mwisho wa maisha yake. Dada alikuwa anakijua Kiswahili vizuri sana, lakini haruhusiwi kusema. Basi mimi, mtoto wa darasa la sita niliyekuwa nasifiwa kwa kusoma kwa sauti, nikawa mkalimani. Konsolata alikasirika. Yeye ambaye maneno yake yalikuwa yanafika kabla yake, akae kimya asemewe na mtu ambaye juzi alikuwa anamfuta kamasi?

Chuo cha kwanza kilikuwa Ngara mjini, karibu na kwetu, na mwalimu wake alikuwa mtu mchangamfu. Alitupokea kwa kicheko, akavuta viti. Alipoona kibuyu uso ukazidi kung'aa. Akachukua mrija, akainama, akanywa vizuri sana, akamsifu Mama kwa utengenezaji. Mimi natafsiri, Baba anaitikia kwa kichwa, mambo yanakwenda. Nikaona kumbe ukalimani ni kazi rahisi. Kisha mwalimu akatazama saa, akajifuta mdomo, akaita wanafunzi wawili, akapanda nao kwenye lori la mafunzo na kuondoka barabarani.

Baba akaziba kibuyu.

Tulipofika nje Dada akasahau kwamba anatakiwa kunyamaza. "Baba, hiki ndicho chuo cha karibu. Kuna nini tena?"

"Amekunywa, akapanda gari na watoto wa watu."

"Si wewe uliyempa pombe?"

"Mimi nilimpa anywe," Baba akasema. "Sikumwambia aendeshe."

Dada alitembea mbele yetu mpaka stendi bila kugeuka.

Chuo cha pili kilikuwa huku Biharamulo. Safari ile siwezi kuisahau. Pombe ya Mama ilikuwa bado haijatulia, na basi lilikuwa linarushwarushwa, kwa hiyo kibuyu kikaanza kunung'unika kama tumbo la mwenye njaa. Tulipokaribia msitu, malori yalikuwa yamepangana kungoja polisi wa kuyasindikiza, maana enzi zile majambazi walikuwa wanateka magari humo. Abiria wote wamenyamaza, wengine wanasali rozari kimoyomoyo. Ghafla kizibo kikaruka, paa. Mama mmoja wa kiti cha mbele akajirusha chini ya kiti. Povu likamwagikia shati la mtu aliyekuwa anakwenda kwenye usaili. Baba aliomba radhi kwa Kihangaza, lugha yetu, nami nikalitafsiria basi zima, na mpaka Biharamulo tulinuka kama kilabu.

Mnaweza kufikiria tulivyoingia pale chuoni. Mwalimu aliitwa Hamisi, mtu mrefu, mkavu, shati limepigwa pasi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akanusa hewa. Akakitazama kibuyu.

"Mzee, hiki ni nini?"

Nikaeleza. Wanafunzi waliokuwa wamelizunguka lori wakaacha kazi wakaanza kucheka, mmoja akauliza kama tumekuja kujifunza kuendesha au kulewa. Nilitamani ardhi ipasuke. Dada alikuwa ameangalia vidole vyake vya miguu. Baba peke yake alikuwa ametulia.

Mwalimu Hamisi akawanyamazisha wale vijana kwa jicho tu. Akamgeukia Baba, lakini alikuwa anasema kupitia kwangu, taratibu, ili nisipoteze neno. "Mwambie baba yako namshukuru. Mimi ni Mwislamu, sinywi. Tena hapa tunafundisha udereva, pombe haivuki lile geti hata ingekuwa ya askofu. Mwambie sijamkataa yeye."

Nikatafsiri, nikamruka askofu. Baba akafikiri. Akasema niulize, sasa tutajuanaje?

Mwalimu naye akafikiri. Kisha akatoka na sisi nje ya geti, akakisogeza kibuyu kivulini kwa mikono yake mwenyewe, akaagiza bakuli la maji ya kunywa. Akaniomba mrija. Akachuchumaa pamoja na Baba, wanaume wawili na suruali zao nzuri, wakanywa maji kwa mirija ya pombe, wakaongea habari za Konsolata mpaka bakuli likaisha. Wale vijana walikuwa wanatazama kutoka ndani na hakuna aliyecheka tena. Niliona ni jambo la ajabu sana watu wazima kunywa maji kwa mirija, na nikajiapiza kutowasimulia wenzangu shuleni.

Dada akasomea pale. Akafaulu, akapata leseni, na Mwalimu Hamisi akasema waziwazi kwamba ana jicho zuri la kurudisha gari nyuma. Sasa ikabaki kazi, na hapo ndipo mambo yalipouma kweli.

Konsolata alikuwa ameshajitafutia. Kulikuwa na kampuni yenye malori mapya, marefu, yamepangwa uani kwa mstari, meupe mpaka yanaumiza macho. Yalikuwa yanapita Rusumo mpakani kwenda ng'ambo na kurudi hadi Dar es Salaam. Walikuwa tayari kumchukua aanze na magari madogo ya kampuni, kisha apande. Dada alikuwa hapati usingizi kwa furaha. Alichoomba kwa Baba kilikuwa kimoja tu: kibuyu kibaki nyumbani. Baba akabeba kibuyu.

Pale tulipokelewa na karani dirishani. Alikuwa na adabu, sina la kumlaumu. Akasema tajiri yuko safarini, hata wao wenyewe hawajamwona, hilo tunda tumwachie mlinzi. Aliita kibuyu tunda. Baba akaniambia niulize swali moja: huyu mtoto akipatwa na jambo njiani, nani atakuja nyumbani kutuambia?

"Kuna utaratibu, mzee," karani akajibu. "Mtapigiwa simu."

Baba akaniangalia kama mimi ndiye niliyekosea. "Umemuuliza vizuri? Mimi nimeuliza nani, yeye ananijibu simu."

Nikauliza tena. Jibu likawa lile lile. Baba akanyanyua kibuyu chake, akaaga, akatoka. Dada alilia barabarani, mchana kweupe, na alikuwa msichana asiyelia. Alisema Baba amemharibia maisha kwa ajili ya pombe. Mimi nilikuwa upande wake kabisa. Nilimwona Baba ni mshamba anayeomba kazi kama anaomba mchumba, na kila alikokwenda alikuwa anatuaibisha. Njia nzima nilimshika Dada mkono na Baba nikamwacha atembee na kibuyu chake.

Lakini Mwalimu Hamisi alikuwa ametutajia mtu mwingine, mama mmoja wa Nyamigogo aliyeitwa Mama Odila. Alikuwa ananunua mahindi na maharage ya huko na Kaniha, anapeleka Kahama na Mwanza kwa malori yake mawili machakavu. Tulimkuta amekaa juu ya gunia, amevaa viatu vya mvua, anagombana na fundi. Alipoona kibuyu akaacha ugomvi katikati. Akauliza, tena kwa Kisubi, lugha ambayo Baba aliisikia bila mkalimani: huyu mtoto wa watu ametoka wapi?

Wakanywa. Baba akajikuta yeye ndiye anayehojiwa. Je, binti huyu ana hasira? Akiumwa huwa anasema au anaficha? Mama yake anaitwa nani, yu mzima? Akichokozwa na wanaume barabarani atafanyaje? Hilo la mwisho Dada alilijibu mwenyewe, kwa sauti, na Mama Odila akacheka mpaka mrija ukamtoka mdomoni. Kisha akauliza jambo nililoliona la kijinga kuliko yote.

"Nikishuka Mugoma, nafikaje kwenu?"

Baba akaanza kueleza. Ukishuka usifuate barabara kubwa, pita nyuma ya kanisa. Utashuka bondeni, kuna daraja la magogo, usilipande likiwa limelowa, vuka kwa chini penye mawe. Utaona mikaratusi, halafu shamba la kahawa la mtu mwenye mbwa mkali, piga kelele kabla hujafika. Yetu ni ile yenye msalaba wa mbao juu ya mlango, lakini ingilia upande wa jikoni, mbele kuna utelezi. Mama Odila alikuwa anarudia kila kipande kama mtoto anayekariri, na akikosea Baba anamrudisha kanisani waanze upya. Jua lilitusogelea. Nilisinzia kwenye gunia. Nilipoamka, Dada alikuwa ameajiriwa.

Akaendesha yale magari machakavu misimu kadhaa, na hakuacha kuyatazama malori meupe yakimpita. Mpaka ikaja masika moja yenye mvua mbaya. Asubuhi watu walianza kurudi kutoka sokoni wakiwa hawatuangalii usoni. Mwishowe mmoja akasema lori la maharage limepinduka huko Biharamulo na dereva wake, mwanamke, hayupo. Mama aliketi chini pale pale uani, kwenye tope. Baba alisimama tu ameshika mpini wa jembe. Mimi nilikuwa namwona mama yake Gervazi, na wale dagaa.

Hapo tukamsikia mbwa mkali wa jirani akibweka, na sauti ya mwanamke ikipiga kelele kumtaarifu mwenyewe. Baada ya kitambo Mama Odila akatokea, ameloa hadi kiunoni kwa kuvuka kwenye mawe, viatu vya mvua mkononi. Alikuja upande wa jikoni. Hakumwamkia mtu.

"Yu hai," akasema. "Mguu umevunjika, umefungwa plasta hospitali, usiku kucha nilikuwa naye. Anataka ugali. Nimekuja kuwachukua."

Mwenyekiti wetu wa kitongoji alikuwa na simu, na Mama Odila namba yake alikuwa nayo, angeweza kupiga tu. Nilikuja kulijua hilo baadaye. Wala hatukumpata mtu yeyote ambaye Mama Odila alimwuliza njia siku ile.

Baba aliingia ndani, akatoka na kigoda, akakifuta kwa shati lake, akamkalisha. Ndipo akageukia ukutani, mabega yakaanza kutikisika. Sikuwa nimewahi kumwona Baba akilia. Nilikuwa nimejua Kiswahili kumzidi, nimetafsiri kila neno lake kila tulipokwenda, na sikuwa nimeelewa alichokuwa anaomba.

Dada Konsolata alipona. Leo anaendesha gari refu linalopita Rusumo, anachechemea kidogo akishuka, na maneno bado yanafika kabla yake. Baba ametangulia.

Sasa Jumamosi ile, kabla sijatoka na ufagio, mwanangu Deo alikuwa amenipigia simu. Amepata kazi ya udereva, kampuni kubwa, mambo yote yamefanyika kwenye simu. Nikampongeza, nikafurahi sana. Kisha nikasikia mdomo wangu unauliza, huyo tajiri wako anaijua njia ya kuja kwetu? Akacheka. Akasema, mama, siku hizi kuna ramani kwenye simu.

Kijana wa baiskeli alikuwa ameshafika kona. Nikaweka ufagio chini, nikamwita arudi.